Safari za Lamu na Mapaa ya Mji Mkongwe

Kiangazi kinapoingia, wananchi wa visiwa vyetu hufunga safari. Zamani mtu wa Unguja au Pemba aliyetaka kwenda Lamu alingoja pepo za kusi zimsukumie jahazi lake. Siku hizi wengi huvuka kwa meli hadi bara, wakapanda basi la Tanga, wakapita mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, wakavuka Likoni na kuingia Mombasa, kisha wakaendelea na barabara ya kaskazini hadi Malindi, Garsen, Witu na Mokowe, ambako gari huishia na mashua huanza. Kwa miaka kadhaa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, sehemu ya mwisho ya njia hiyo ilikuwa ya mashaka, na mabasi yakisindikizwa na askari. Hata hivyo watu hawakuacha kwenda.

Tunaziunga mkono safari hizi. Wanaokwenda si wananchi wa kawaida tu. Wamo pia watumishi wa serikali, baadhi yao kwa ziara za mafunzo zilizolipiwa na umma. Ni juu ya hao hasa kwamba tunataka kusema leo, maana wengi hurudi na picha za milango ya nakshi na za punda, na kazi zikaendelea kama zilivyokuwa.

Msafiri anayekaribia Malindi hupita Gedi. Ndani ya msitu umo msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na makaburi ya mji uliositawi katika karne za 14 na 15, kisha ukaachwa na watu wake kufikia karne ya 17. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927, James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima zote hizo zimeujia mji usio na mtu hata mmoja wa kuteka maji katika visima vyake.

Lamu ni habari nyingine. Mji huu uliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wetu, lakini watoto bado wanakwenda chuoni asubuhi katika vichochoro vya Mkomani, na biashara ya Usita wa Mui haingoji mgeni. Uhusiano wake na sisi ni wa karibu. Baada ya vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata mwaka 1812, ambapo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa, walimwomba Sayyid Said ulinzi, na ngome iliyoko katikati ya mji ikakamilika mwaka 1821. Baadaye Lamu ikawa chini ya masultani wa Unguja. Ngome hiyo ilitumiwa kuwa gereza hadi mwaka 1984, ndipo ikakabidhiwa makumbusho. Leo raia huingia kwa hiari yao mahali ambapo babu zao waliingizwa kwa pingu.

Lakini tunamwomba mtumishi wa serikali anayefika huko asisimame sana ngomeni. Aombe ruhusa aingie katika nyumba ya kawaida, akae dakani, apite kiwandani, kisha atazame juu. Ataona boriti za mikoko. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba kwa sababu moja tu: boriti ya mkoko haibebi dari kwa upana unaozidi kiasi cha mita tatu. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji kwa nje, unyevu hukosa njia, chokaa ya ndani ikalegea, na chumvi ikaula ukuta. Na maji yakivuja kutoka juu hupenya hadi pale ambapo kichwa cha boriti kimezama ukutani. Huko huoza kimya kimya, bila mkaazi kujua, mpaka siku dari inaposhuka.

Mtu hahitaji shahada ili kuyafahamu mambo haya. Mwashi yeyote mzee wa Lamu anayajua, na waashi wa Unguja pia waliyajua. Tungependa kila ujumbe wa mafunzo unaokwenda kaskazini uwe na waashi wawili vijana, hata kama itabidi mkurugenzi mmoja abaki nyumbani.

Hatusemi kwamba Lamu ni pepo. Nyumba kadhaa zimenunuliwa na wageni ambao hufungua milango kwa majuma machache tu ya mwaka. Saruji imekwishaingia huko nayo, na pikipiki zimeleta ugomvi katika mji uliojengwa kwa upana wa punda. Wala hatusahau kwamba majumba ya Lamu, kama ya kwetu, yalijengwa kwa jasho la watumwa, ambao wenyewe hawakulala chini ya boriti zile. Anayewaeleza wageni habari za pwani akaliacha hilo, hajaeleza kitu.

Sasa tuitazame nyumba yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizokuwa za matajiri zilitaifishwa, zikakaliwa na familia za wanyonge. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na tunautetea hadi leo. Kilichokosekana ni kumpa mtu jukumu la paa. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikawa na familia nne au tano. Kila familia ikafagia chumba chake, na bati la juu likawa la serikali. Kodi ilikuwa ndogo, kama ilivyostahili, lakini hata hiyo ndogo haikurudi kwenye nyumba. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka maalumu ya kuhifadhi mji, na mengi yamefanyika tangu hapo. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jengo lililosimama tangu mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Sehemu yake nyingine ilikuwa imekwishaanguka mwaka 2012. Ikiwa jengo mashuhuri kuliko yote visiwani laweza kuonya na bado likaanguka, nyumba isiyo na jina ya Malindi au Vuga itasikilizwa na nani?

Waliosoma chuoni wanaikumbuka kanuni ya wakf. Pato la nyumba iliyowekwa wakf hutangulia kuitengeneza nyumba yenyewe. Kinachobaki ndicho wanachogawiwa wanaostahiki. Mlezi wa wakf anayegawa kodi huku ukuta unapasuka hana udhuru, hata kama wanaogawiwa ni mayatima, kwa sababu mayatima wa kesho watakosa nyumba na kodi pia. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakf, na kwao kanuni hii ni wajibu wa moja kwa moja. Lakini hatuoni sababu kwa nini fedha inayoletwa na mgeni aliyekuja kuutazama mji isifuate utaratibu huo huo: itoke kwanza sehemu ya chokaa na boriti, ijulikane ni kiasi gani, ibandikwe mahali ambapo wakaazi wataisoma, ndipo mafungu mengine yafuate.

Masika huanza mwezi wa Machi. Kuziba mwanya wa bati, kuzibua mchirizi na kung'oa miche ya miti iliyoota ukutani ni kazi ya siku chache kwa nyumba moja, na kiangazi ndicho kipindi chake. Tunaomba kazi hiyo ianzie kwenye nyumba za serikali na za wakf, mtaa kwa mtaa, na masheha wapewe orodha ya nyumba zilizokwisha kupandwa na ambazo bado.