Jiwe Lililosema Nusu ya Khabari

Mwezi huu twawaalika katika safari ya mbali, hadi bonde la mto Minnesota huko Marekani. Huko wageni hufuatana na waelekezi wajuao historia, wakaonyeshwa mahali walipopigana Wadakota na walowezi wa Kizungu katika mwaka wa 1862. Wadakota ni katika wale ambao wageni waliwaita Sioux. Twawaomba vijana wetu, katika kila kituo, wajiulize swali moja: khabari hii ameiandika nani, na ni nani ambaye hakuulizwa?

Twaanzia Traverse des Sioux. Hapa, mwezi wa Julai 1851, Wadakota walitia sahihi mkataba, na mwezi uliofuata wenzao wakatia sahihi mwingine huko Mendota. Kwa mikataba hiyo miwili walitoa kiasi cha eka milioni 24, wakabakiwa na ukanda mwembamba kandokando ya mto, na ahadi ya kulipwa fedha kila mwaka. Walakini siku ile waliwekewa mbele karatasi nyingine, nayo wakaitia sahihi. Kumbe iliwapa wafanya biashara haki ya kujikatia fedha nyingi kwa jina la madeni. Mwaka 1858 wakapoteza pia upande wa kaskazini wa ukanda ule.

Tukipanda na mto twafika mahali paitwapo Lower Sioux Agency, ndipo kilipokuwa kituo cha Serikali cha kugawia malipo. Mavuno ya 1861 yalikuwa mabaya, na malipo ya 1862 yalichelewa. Watu walikuwa na njaa, na chakula kimo maghalani. Wafanya biashara wakakataa kukopesha. Yasimuliwa kuwa mmoja wao, Andrew Myrick, alisema kama wana njaa na wale nyasi.

Tarehe 17 Agosti vijana wanne wa Kidakota waliwaua walowezi watano huko Acton, kisha usiku ukaletwa ushauri wa vita kwa mkuu wao Taoyateduta, ajulikanaye pia kwa jina la Little Crow. Mzee huyu alikwisha fika Washington, akauona wingi wa Wazungu. Aliwaonya kwamba vita vitawaangamiza. Mwisho akakubali kwenda nao. Asubuhi kituo kikashambuliwa. Myrick alikuwa miongoni mwa waliouawa, na maiti yake ikakutwa imetiwa nyasi kinywani.

Sasa tazameni ajabu ya mambo. Siku ile ile ya 18 Agosti, dola 71,000 za dhahabu, yaani malipo yale yale yaliyongojwa, zilifika ngome ya Fort Ridgely iliyo chini kidogo ya mto. Wahenga wetu wamesema dawa ya deni ni kulipa. Nasi twaongeza: dawa ifikayo baada ya mauti haimponyi mtu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba machozi yalikuwa ya upande mmoja. Mji wa New Ulm, uliokaliwa na Wajerumani, ulishambuliwa tarehe 19 na 23 Agosti, na tarehe 25 watu wapatao 2,000 wakauhama kuelekea Mankato. Mamia ya walowezi waliuawa katika bonde hili, na wengi wao walikuwa wakulima na watoto wao, wasiojua lolote katika hila za mikataba. Wala si Wadakota wote waliotaka vita. John Other Day, Mdakota, aliwaongoza watu 62 hadi mahali pa salama.

Vita vilikwisha mwezi wa Septemba, na yakafuata mashtaka. Wanaume 392 walihukumiwa bila ya mawakili, kesi nyingine zikiisha kwa dakika chache tu, na 303 wakapewa hukumu ya kifo. Rais Lincoln alizipitia khabari zao na kuwapunguza. Tarehe 26 Desemba 1862, hapo Mankato, watu 38 walinyongwa kwa mara moja. Mmoja wao, Chaska, hakuwa katika wale aliowataka Rais. Bibi mmoja wa Kizungu, Sarah Wakefield, alikwisha shuhudia kwamba Chaska ndiye aliyemlinda yeye na wanawe. Walakini alinyongwa. Wanawake, watoto na wazee wapatao 1,600 waliwekwa kambini chini ya ngome ya Fort Snelling wakati wa baridi kali, na wengi wakafa kwa maradhi. Mwaka 1863 mikataba ikafutwa na Wadakota wakafukuzwa katika nchi yao.

Basi sikilizeni khabari ya jiwe. Mwaka 1912 palisimamishwa Mankato jiwe kubwa lililosema kwamba hapa walinyongwa Sioux 38. Halikutaja jina la hata mmoja, wala njaa, wala deni. Lilisema kweli, lakini nusu ya kweli. Likakaa hivyo hadi 1971 lilipoondolewa. Mwaka 2012, ilipotimia miaka 150, pakawekwa ukumbusho mwingine wenye majina ya wote 38. Na mwaka 2021 Wadakota wa hapo Lower Sioux walirudishiwa eka 114 za ardhi ya kituo kile. Ni sehemu ndogo mno ya milioni 24, lakini ni mwanzo.

Wazazi, kila mji una mawe yake. Mpitapo na wana wenu mbele ya kaburi la kale au nguzo ya ukumbusho, msiwasomee yaliyoandikwa tu. Waulizeni pia ni nini kilichoachwa. Mtoto aliyezoea swali hilo hatadanganyika upesi kwa karatasi atakayowekewa mbele atie sahihi, wala hatamwandikia mwenziwe karatasi ya namna hiyo.