Mtoto Sio Roboti wa Kutumwa
(Maongezi ya Nesi, sehemu ya 11)

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya, leo tuongee kuhusu roboti. Msicheke. Someni mpaka mwisho, mtaona roboti ameingiaje kwenye chumba changu cha kazi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na kijana wake wa miaka saba, darasa la kwanza. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili wenyewe wasijulikane.) Mtoto anaishi na mama yake huku kwetu Temeke, upande wa Mbagala. Baba yake yuko Kinondoni, kule Tegeta. Wazazi wameachana. Ijumaa mtoto anapelekwa kwa baba, Jumapili jioni anarudishwa.

Shida iliyomleta ni tumbo. Na jingine ambalo mama alilisema kwa sauti ya chini: kijana ameanza tena kukojoa kitandani, wakati alishaacha tangu ana miaka minne. Mama amechoka kufua na kuanika godoro. Ameshamchapa mara mbili.

Tulifanya yanayotakiwa. Malaria, hana. Mkojo, hauna maambukizi wala sukari. Choo, hamna minyoo. Hapa naomba nisimame kidogo kama nesi: mtoto aliyekaa mikavu miezi sita au zaidi, halafu akaanza kukojoa tena kitandani, mlete apimwe kwanza. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Inaweza kuwa kisukari, hasa kama anakunywa maji mno na anapungua mwili. Usianze na fimbo, na usianze na "ni deko tu".

Ila vipimo vikiwa safi, na tumbo lenyewe linauma Ijumaa asubuhi na Jumapili jioni, inabidi tuulize Ijumaa na Jumapili kuna nini.

Sasa roboti. Kijana alikuwa ameshika mdoli wa plastiki, mwekundu na bluu, mkono mmoja umeng'oka. Mimi huwa siwaulizi watoto "una nini?" maana watakujibu "sina". Nikamuuliza, "Huyu nani?"

"Optimas."

"Ni mwema au mbaya?"

Akafikiria. "Ni mwema. Ila walimtuma."

"Walimtuma nini?"

"Ampige rafiki yake. Macho yake yakawa zambarau."

Nilikaa kimya. Nina vijana wawili nyumbani, hiyo filamu naijua kwa lazima. Ambao hamuijui, nawaeleza kwa ufupi, maana ndani yake mna jambo la watoto wetu.

Hawa Transformers walianza kama midoli. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1984, ikiwa imeichukua kwa Takara ya Japani. Baadaye zikaja katuni, na kuanzia 2007 zikaja filamu kubwa za Michael Bay, zile ambazo watoto wetu wanazikuta kwenye vibanda umiza, mtu anawatafsiria kwa Kiswahili huku magari yanageuka watu. Optimus Prime ndiye kiongozi wa maroboti wema. Kwao ni sayari ya Cybertron, ila anaishi duniani na anawalinda binadamu.

Filamu ya mwaka 2017 inamkuta Optimus amerudi kwao. Anakuta kwao pameharibika. Kuna kiumbe anaitwa Quintessa, anamwambia: mimi ndiye niliyekuumba, na haya maangamizi ni makosa yako wewe, sasa nenda duniani ukaniletee ile fimbo ya nguvu ili kwenu papone. Anamvuruga akili, macho yanakuwa zambarau, anamrudisha duniani akiwa adui wa watu wale wale aliokuwa akiwalinda. Anafika mpaka anataka kumuua Bumblebee, rafiki yake wa siku nyingi.

Yaani roboti shujaa mwenye nyumba mbili. Huku ni kwao, kule ni kwa anaowapenda. Na kila upande unamwambia: ukiwa wangu, lazima uwe adui wa wale.

Mtoto wa miaka saba aliielewa hiyo filamu kuliko mimi.

Nikamwomba mama tuongee, kijana akatoka nje kwa dada wa mapokezi. Nikauliza, "Mama, Ijumaa mtoto akienda kwa baba yake, huwa unamwambia nini?"

Akasema, "Namwambia tu awe na adabu." Kisha akanyamaza. Kisha akasema, "Na aangalie kama yule mwanamke bado yuko pale."

"Na akirudi?"

"Namuuliza. Kwani kosa? Na baba yake naye anamuuliza mimi natembelewa na nani."

Haya. Umeona roboti? Ijumaa anatumwa kwenda kumchunguza baba. Jumapili anarudishwa akiwa ametumwa kumchunguza mama. Akisema alichokiona kule, amemsaliti baba. Akinyamaza, amemsaliti mama. Na wote wawili anawapenda. Kwenye daladala mbili za kutoka Tegeta mpaka Mbagala anapanga aseme lipi na afiche lipi. Lile tumbo lingeacha kuuma lina nini?

Mtoto wa umri ule hajui kusema "nina msongo". Mwili wake ndio unaosema. Tumbo, kichwa, kitanda kulowa, ndoto mbaya, kung'ang'ania nguo ya mama getini shuleni. Wengine wanakuwa wapole kupita kiasi, na sisi tunawasifia: "Huyu mtoto mtu mzima kabisa, hana shida." Mtoto asiye na shida yoyote baada ya wazazi kuachana, mtazame mara mbili.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Lakini nyasi hakuna anayezituma. Mtoto tunamtuma.

Najua mtanijibu. Nimeshayasikia yote dirishani kwangu.

La kwanza: "Nesi, tatizo ni hizo filamu, zipigwe marufuku." Sikatai, ile filamu haikutengenezwa kwa mtoto wa darasa la kwanza. Hata huko Marekani iliwekwa kwenye kundi ambalo wazazi wanaonywa vikali kuhusu watoto walio chini ya miaka 13. Kibanda umiza usiku, peke yake, hapana. Ila msidanganyane kwamba ukizima televisheni umemaliza. Filamu haikumpa yule kijana tumbo. Filamu ilimpa maneno ya kuniambia. Bila mdoli wake ningempa dawa ya minyoo nikamrudisha nyumbani.

La pili: "Huyo baba hatoi matunzo, nisipomuuliza mtoto nitajuaje kama ana hela?" Mwenzangu, hasira yako naielewa, na haki ya matunzo ni ya mtoto kisheria. Lakini ina mlango wake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa, wapo kwa kazi hiyo. Ikishindikana, ipo mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Kifungu hicho hicho kinamkumbusha hakimu aangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Kama hakimu anakumbushwa asimvuruge mtoto, mimi na wewe je, tunaomvuruga kila Ijumaa bila hata hati ya mahakama?

La tatu ndilo zito: "Je, kama huko anakoenda anafanyiwa vibaya? Nisiulize?"

Uliza! Tena usiache. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana sitaki mtu aondoke na somo nusu. Kuna kumuuliza mtoto na kuna kumfanya shushushu, na tofauti yake ni rahisi. Swali linalomhusu yeye ni lako kuuliza. Umekula nini? Umelala wapi, na nani? Kuna mtu amekupiga? Kuna mtu amekushika mahali ambapo hutaki? Kuna siri umeambiwa usiniambie? Hayo ni mwili wake na siku yake. Swali linalomhusu mzazi mwenzako silo la mtoto. Baba amenunua nini? Yule mwanamke yupo? Mama anaongea na nani kwenye simu? Hayo kamuulize mwenyewe, au meza.

Na kama jibu la lile kundi la kwanza ni baya, usimgombeze mtoto, usimrudishe huko, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Mfundishe na mtoto aijue kichwani.

Mimi mwenyewe sisemi haya nikiwa juu ya mlima. Nimekua kati ya nyumba mbili, Tandika na Magomeni. Nakumbuka nimekaa kwenye daladala na bibi yangu, najisomea kichwani majibu ya maswali ya mama kama mtu anayeenda kwenye mtihani. Mpaka leo mtu akiniuliza "ulikuwa wapi?" kwa nia njema tu, moyo unaruka. Nimeshakuwa mama na bado. Kwa hiyo msiniambie watoto husahau.

Turudi kwa Optimus nimalize. Unajua nini kilimrudisha? Hakuzidiwa nguvu, Bumblebee ndiye aliyekuwa chini. Wala hakupewa amri nyingine kali zaidi ya ile ya kwanza. Bumblebee kwa kawaida haongei, sauti yake iliharibika vitani, anajisemea kwa vipande vya redio. Siku hiyo, amelala chini, rafiki yake kamwinulia silaha, alitoa sauti yake mwenyewe. Akamkumbusha yeye ni nani kwake. Basi. Macho ya Optimus yakarudi bluu.

Mtoto aliyevutwa huku na huku hahitaji mzazi mmoja ashinde. Anahitaji kusikia sauti ambayo haimtumi popote. Kwa hiyo Ijumaa hii, wakati unamfunga kamba za viatu, jaribu kumwambia hivi, kwa maneno yako: "Ukifurahi kwa baba, mimi sikasiriki. Ukinikumbuka, ni sawa. Ukitaka kunisimulia, nitasikiliza. Usipotaka, sitakuuliza mambo ya wakubwa. Ila mtu akikuumiza, hiyo sio siri, niambie." Na wewe baba, Jumapili, maneno hayo hayo. Yatakukwama kooni mara ya kwanza, hasa kama bado una kidonda. Yaseme tu. Kidonda chako tutakitafutia muda wake, sio mgongoni kwa mtoto.

Yule mama aliondoka amenuna. Nilidhani sitamwona tena. Wiki iliyopita akarudi, kijana ana mafua tu. Akaniambia kitanda bado kinalowa siku mojamoja, ila Ijumaa hii mtoto ameamka hana tumbo, amekula chapati mbili na chai. Akaniambia pia kwamba kunyamaza Jumapili ni kazi kubwa kuliko kufua. Namwamini.

Kijana alikuwa na mdoli wake. Mkono bado haujarudi. Nikamuuliza, "Optimas hajambo?"

"Hajambo. Yuko likizo."

"Nani kamtuma likizo?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mtoto. "Hajatumwa," akasema.

Tukutane Alhamisi. Kama unamjua mtu ambaye mtoto wake ana nyumba mbili, mtumie hii. Usimwambie inamhusu. Mwache asome mwenyewe.