Somo la Siku Moja

Mwezi huu kazi ya mikono inatupeleka mbali, hadi Australia ya Kusini, mahali mto Murray unapoingia baharini. Hiyo ni nchi ya Wangarrindjeri, mojawapo ya mataifa ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Ususi wao ulikaribia kupotea kabisa, nao ukaokolewa na wanawake walioketi pamoja kujifunza.

Wao husukia nyasi ndefu za majini, jamaa ya mafunjo tunayoyajua sisi. Huchuma mabua yaliyokomaa na kuacha machanga yaendelee kukua. Huyakausha, na siku ya kusuka huyalowesha yapate kulainika. Mabua machache hushikwa pamoja yakawa kicha. Bua jingine hutiwa katika sindano kubwa, likakizungukia kicha na kukishona kwenye mzunguko uliotangulia. Kazi huanzia katikati na kupanuka duara kwa duara. Msusi wa agaseke kule Rwanda angeitambua mara moja. Hivyo ndivyo walivyotengeneza vikapu, mikeka na mitego ya mikunga wa mtoni. Kipo pia kikapu kinachoitwa "dada": vipande viwili vinavyofanana, vilivyoshonwa pamoja ukingoni na kuachiwa mdomo.

Wazungu walipoitwaa nchi, mambo yalibadilika. Familia zilihamishwa, na watoto wengi walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao. Mtoto asiyelelewa na bibi yake angejifunzia wapi? Miaka ikapita, na waliojua kusuka wakabaki wachache sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mzee mmoja wa kike, Dorothy Kartinyeri, aliwafundisha wanawake katika mji mdogo wa Meningie. Miongoni mwao alikuwemo Yvonne Koolmatrie. Somo lile lilikuwa la siku moja tu! Lakini Bi. Yvonne hakuliacha likae bure. Aliendelea kusuka, akachunguza kazi za wazee zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na mwaka 1997 kazi zake zilionyeshwa Venice, Italia, kwa niaba ya nchi yake. Mwenzake, Ellen Trevorrow, aliwafundisha watu wengi katika kituo cha Camp Coorong, karibu na Meningie.

Katika mafunzo ya namna hii watu huketi duara na kutazama mikono ya anayejua. Mshono ukikosewa, unafumuliwa na kurudiwa. Huku mikono ikienda, midomo nayo inaeleza nani ni ndugu wa nani, bibi fulani alisukaje, na nyasi nzuri huota wapi. Binti anayesikiliza huondoka na kikapu ambacho hakijaisha, lakini amekwisha kuujua ukoo wake.

Je, dada msomaji, katika mtaa wenu ni nani bado anayejua kusuka ukili mwembamba, au kupika rangi ya ukindu? Ana umri gani? Mwendeeni kwa heshima, mkamwombe siku moja. Pelekeni ukindu wa kutosha, na mabinti zenu pia. Msimharakishe amalize, mwacheni asuke polepole na kusimulia, na kila mmoja aondoke akiwa ameanza kazi yake mwenyewe.