Dari Kwanza, Taa Baadaye

Msomaji mmoja ameniuliza swali ambalo hapana shaka linawasumbua wengi. Nyumba yake mpya imekwisha kuezekwa bati, na fedha zilizobaki hazitoshi kununua taa nzuri na kupiga dari pamoja. Je, aanze na lipi? Nitamjibu kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

Nilipojenga nyumba yangu huko Limuru, nilitamani wageni waone taa za vioo. Basi nilinunua taa, nikaacha dari. Mchana wa jua nyumba ilikuwa kama tanuri, na usiku baridi ilitushukia kana kwamba tumelala uwanjani. Tena alfajiri matone ya maji yalidondoka kutoka juu, ingawa mvua haikunyesha. Watoto waliamka na blanketi zilizolowa, na mdogo wao akashikwa na kikohozi. Nilimlaumu fundi bure. Maji yale yalikuwa mvuke wa pumzi zetu na wa sufuria zetu, ambao uligusa bati la baridi ukageuka maji.

Paa la nyasi la wazee wetu halikuwa na taabu hiyo. Katikati ya nyasi nene mna hewa iliyotulia, nayo haipitishi joto upesi. Bati ni jembamba, wala halina hewa ya namna hiyo. Kwa hiyo yafaa upige dari ya mbao au ya jasi, ukiacha nafasi kati yake na bati, pamoja na matundu ya hewa pembeni, yenye wavu, ili mvuke upate njia ya kutoka. Ukiwa na fedha zaidi, tandaza juu ya dari sufi ya kioo; anayeitandaza na avae glavu na kufunika pua na mdomo. Polistirini, zile mbao nyeupe nyepesi, nazo huzuia joto, lakini hushika moto upesi na moshi wake ni mbaya, zisikaribie dohani. Asbesto usiitumie kabisa, kwa maana vumbi lake huleta saratani.

Lakini kabla dari haijapigwa, fundi wa umeme apitishe nyaya zote mahali pake. Mimi nilipopiga dari mwaka uliofuata, ilibidi taa zote zishushwe na nyaya zipitishwe upya, nikalipa mara mbili. Tena nyaya zisizikwe ndani ya sufi, kwa sababu hupata joto.

Taa zenyewe hazihitaji gharama kubwa. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa nuru karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Zikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, ile ya zamani hula uniti 9 za umeme, na ya LED hula 1.35 tu. Dari ikipakwa rangi nyeupe, nuru hiyo huenea chumbani vizuri zaidi.

Basi, ndugu yangu, piga dari sasa, na utundike balbu tupu bila haya. Taa ya kupendeza waweza kuinunua mwezi wowote na kuifunga kwa muda mfupi. Mgeni atakayeisifu atakaa saa moja, kisha ataondoka; watoto wako ndio watakaolala chini ya bati lile kila usiku.