Bingwa aliyeshika na funguo za ukumbi

Leo soka tuiweke benchi kidogo. Kwenye baa nyingi zenye meza ya pool yupo jamaa anayeisimamia meza. Anakusanya hela, anapanga zamu, na mara nyingi ndiye fundi kuliko wateja wote. Hakuna anayelalamika, kwa sababu ni meza moja na baa moja. Kasheshe inaanza pale jamaa wa namna hiyo anapousimamia mchezo wa nchi nzima. Waingereza walikuwa naye, aliitwa Joe Davis, na snuka nusura ifie mikononi mwake.

Haki yake nampa kwanza. Davis, mzaliwa wa Derbyshire mwaka 1901, aligeuka mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 18. Enzi hizo mchezo wa heshima ulikuwa biliadi, ile ya mipira mitatu. Snuka, iliyobuniwa na maofisa wa jeshi la Uingereza huko India mwaka 1875, ilichukuliwa kama kitu cha kupotezea muda. Lakini Davis alikuwa meneja wa kumbi za biliadi mjini Chesterfield, na meneja wa ukumbi huwa anaona mapema kuliko wazee wa chama wanaokaa ofisini. Aliona wateja wanahamia kwenye snuka. Mwaka 1924 mchezaji mwenzake, Tom Dennis, alikiomba chama kiandae ubingwa wa snuka, akajibiwa kwamba haijulikani kama mchezo huo unaweza kuvuta watazamaji. Davis akakomaa nao hadi wakakubali.

Mwaka 1927 ubingwa wa kwanza ukachezwa, wachezaji 10 tu. Kwenye fainali, pale Camkin's Hall, Birmingham, Davis akamchapa huyo huyo Dennis 20-11, akaondoka na pauni 6 na shilingi 10. Kombe lile ndilo wanalogombea mpaka leo.

Baada ya hapo hakukamatika. Alibeba ubingwa wa dunia mara 15, kila uliposhindaniwa kuanzia 1927 hadi 1946, na ni Vita Kuu ya Pili tu iliyomsimamisha. Mwaka 1931 walijitokeza wawili tu, yeye na Dennis, wakacheza fainali moja kwa moja. Mwaka 1946 alimfunga Horace Lindrum wa Australia 78-67, halafu akatangaza kwamba ubingwa basi. Hakuwahi kufungwa kwenye mashindano hayo. Si mchezo.

Sasa sikiliza alichofanya. Aliachana na ubingwa, lakini kucheza hakuacha. Aliendelea kupiga mechi za maonyesho na mashindano mengine, na aliendelea kuwafunga wale waliokuwa wanauchukua ubingwa rasmi. Ni sawa na Brazil ijitoe Kombe la Dunia, halafu kila baada ya fainali imwalike bingwa kwenye mechi ya kirafiki na kumpiga. Hilo kombe utalipa heshima gani? Walter Donaldson aliuchukua, Fred Davis, mdogo wake Joe, akauchukua mara kadhaa, lakini shabiki wa London alijua mwenye mchezo yuko pembeni ameketi. Katika mashindano yaliyodhaminiwa na gazeti la News of the World, wachezaji walitofautishwa kwa pointi za kuanzia, na Davis ndiye aliyekuwa wa kuwapa wenzake.

Kisha kuna ukumbi. Thurston's, pale Leicester Square, ndio ulikuwa Wembley ya biliadi tangu 1901. Bomu la Wajerumani liliuharibu mwaka 1940. Ulipofunguliwa tena mwaka 1947 kwa jina la Leicester Square Hall, Davis alikuwa mmoja wa waliokuwa na mkataba wa pango. Wakati huo huo alikuwa mwenyekiti wa chama cha wachezaji wa kulipwa. Mazungumzo na BBC juu ya kuonyesha snuka yalipita kwake. Na nani apewe wiki ya kazi pale ukumbini, yeye ndiye alikuwa na kauli.

Hebu fikiria Uwanja wa Benjamin Mkapa uwe mali ya straika wa timu mojawapo ya Kariakoo, straika huyo huyo awe mwenyekiti wa wachezaji, aongee na televisheni kwa niaba ya ligi, na Jumatatu apange nani acheze Jumamosi. Hata kama ni mtu safi, nani atamwambia hapana? Mimi simwiti Davis mwizi. Ninachosema ni kwamba kijana aliyetaka kula kwa fimbo yake hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mwaka 1952 wachezaji wakagombana na chama kikuu, wakaanzisha ubingwa wao. Ule rasmi ukabaki na watu wawili, Lindrum na Clark McConachy wa New Zealand. Ubingwa wa wachezaji nao ukakata pumzi mwaka 1957, na hadi 1964 dunia haikuwa na mashindano ya ubingwa wa snuka. Miaka saba!

Ukumbi ulishatangulia. Ulifungwa Januari 1955, jengo likavunjwa kupisha upanuzi wa ofisi za chama cha wenye magari. Katika wiki hiyo ya mwisho, Januari 22, Davis alicheza na mkongwe Willie Smith akapiga 147, alama zote zinazopatikana kwenye fremu. Ilikuwa 147 ya kwanza kutambuliwa rasmi, ila chama kilikaa nayo hadi 1957 kwa hoja kwamba mechi ilichezwa kwa kanuni za wachezaji wa kulipwa. Hapo namtetea Davis kabisa. Ule ulikuwa ukorofi wa viongozi, basi.

Wapo watakaosema bila Davis kusingekuwa na snuka. Kweli, nusu. Aliyejenga nyumba hapati haki ya kuwafungia wenzake nje. Wabongo tunalijua hili: msimu wa 2021/22 Simba waligoma kuvaa nembo ya GSM, wafadhili wa Yanga, ilipoletwa kama mdhamini mwenza wa ligi. Walitukanwa sana, lakini swali lao lilikuwa la msingi. Pesa ya GSM haikuwa mbaya. Waliuliza mtu mmoja akae upande gani wa meza.

Snuka iliokolewa na mikono mingine. Rex Williams, mchezaji wa kizazi kilichofuata, alihangaika hadi ubingwa ukarudi 1964. Mwaka 1969 BBC2 walikuwa wanatafuta kitu cha kunogesha televisheni ya rangi, wakaanzisha kipindi cha Pot Black, mipira ikaonekana nyekundu, njano na bluu kwenye nyumba za watu. Mwaka 1977 ubingwa ukahamia Crucible, Sheffield, ukumbi ambao hakuna mchezaji aliyeushikia funguo. Davis aliishi kuyaona hayo. Mwaka 1978 alikaa pale kama mtazamaji, akimwangalia Fred, mwenye miaka 64, akifungwa 18-16 na Perrie Mans kwenye nusu fainali. Alikufa Julai mwaka huo huo.