Tangawizi Haitakusaidia, Shida Ni Shingo Yako

Wasee wa kwaya na timu za sifa, leo nawakujia. Kila Jumapili jioni ni swali moja: "Sauti imeisha, nikunywe nini?" Na majibu ni yale yale. Tangawizi na asali. Ndimu. Mayai mabichi, eti mawili kabla ya kushika maiki.

Kitu unachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Ukimeza, njia ya hewa inajifunga, na yai lako linapita nyuma kwenda tumboni. Likiingia huko kwa nyuzi utakohoa mpaka kanisa lisimame. Chai moto inatuliza koo, sikatai. Lakini haiwezi kulegeza taya uliyoibana tangu wimbo wa kwanza.

Na nani alitufundisha kubana? "Simama wima! Kifua mbele! Usitikisike!" Nimeimba chini ya mwalimu wa hivyo shule ya upili, watoto zaidi ya arobaini tumekauka kama askari wa gwaride, magoti tumeyakaza. Halafu anashangaa mbona noti za juu zinatoka kama mtu anakabwa.

Angalia mashine yenyewe. Ukiimba ile A ya 440, nyuzi zako zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Zinasukumwa na pumzi, na pumzi inatoka kwa mbavu na kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu. Kisanduku cha sauti nacho kinaning'inia shingoni kwa misuli na kano. Ukiinua kidevu kufukuza noti, mabega yakapanda, misuli hiyo inakivuta. Unapigana na mwili wako, kisha unalaumu baridi ya Limuru.

Kuna jamaa alishtukia hii kitu kitambo. Frederick Matthias Alexander, Mwaustralia aliyezaliwa 1869, alikuwa akikariri mashairi jukwaani na sauti inampotea. Akipumzika inarudi, akipanda jukwaa inaenda tena. Akasimama mbele ya vioo akajichunguza. Kumbe kila akianza kusema anarudisha kichwa nyuma, anakandamiza koromeo, na kuvuta hewa kwa kelele. Mbinu aliyoijenga kutokana na hapo bado inafundishwa vyuo vya muziki Uingereza.

Yeye alitumia vioo, wewe una simu. Jirekodi ukiimba, kamera ikiwa kando, halafu tazama bila sauti. Utaona kidevu. Kabla ya mazoezi lala chali sakafuni dakika kumi, kitabu chini ya kichwa, magoti juu, usikie mbavu zikipanuka mpaka mgongoni. Inuka polepole. Zungusha mabega, acha taya idondoke, tetemesha midomo brrr kama mtoto anayeendesha matatu ya kuigiza. Ikiuma, wacha. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, hiyo ni ya daktari, si yangu.

Najua mtu ataleta ile ya "hiyo ni yoga, ni ya shetani". Kwani kulala chali ni dini gani? Mwingine atasema ni mambo ya mababi wa Westlands. Buda, tazama isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega, ile UNESCO iliorodhesha 2014: watu wanaimba huku mabega yanacheza na magoti yako hai. Huko kukauka hatukurithi kwa nyanya zetu.

Walimu wa kwaya, mazoezi ni saa mbili. Tupeeni dakika kumi za kwanza, sakafuni.