Njia ya Mangapwani hupita Bububu
Anayetoka Mjini, Unguja, kwenda Mangapwani hupita Bububu, na mimi kila nikipita pale humkumbuka Fatuma binti Baraka, mwimbaji wetu Bi Kidude, aliyefia hapo tarehe 17 Aprili 2013. Mbele ya safari wageni hushushwa kwenye chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe, walimofichwa watumwa baada ya biashara ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1873. Bububu gari halisimami. Naona ni kosa. Bi Kidude, mtoto wa muuza nazi wa Mfagimaringo, alijifunza kuimba kwa kumsikiliza mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, akakimbia ndoa, akatembea bara pekupeku, akarudi Unguja kutia watu hina, kutibu kwa miti shamba na kuwafunda wari katika unyago, ngoma ya msondo ikiwa kiunoni mwake. Wapo wanaosema alikuwa msanii aliyeitumikia jamii pia. Hilo neno "pia" silikubali: unyago ndio uliokuwa jukwaa lake, na unyago huohuo ndio uliokuwa utumishi wake, miaka nenda miaka rudi, bila mshahara wa mwezi wala pensheni. Tuzo ya muziki ya WOMEX ilimfikia mwaka 2005, keshakuwa bibi kizee, na bado hakufa tajiri. Nyinyi vijana mnaoongoza wageni Mangapwani, nawaombeni: mkifika Bububu simamisheni gari, mumtaje kwa jina lake kamili.